Tyubu tupu inang'aa sawa na yenye mikroRNA: kosa liko kwenye pini au kwenye mkono wangu?

Fundi wa Chumbageni, Tanga

Assalaam aleikum. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Tanga, na tangu mwanzo wa mwaka nimekuwa nikijaribu kuunda kihisi cha DNA kinachogundua mikroRNA (vipande vifupi vya RNA ambavyo seli hutumia kudhibiti jeni) kwa kutoa mwanga, bila kutumia kimeng'enya chochote. Nimekwama, na kwa kuwa humu wamo waliowahi kuishika kazi hii kwa mikono yao, naomba nieleze kwa urefu ili atakayejibu asilazimike kubahatisha.

Shabaha yangu ya kujifunzia ni miR-21, ambayo ina herufi (yaani besi) 22 tu. Sijagusa damu ya mtu. Natumia nakala iliyotengenezwa kiwandani na kuletwa ikiwa kavu. Kihisi chenyewe ni pini mbili, yaani nyuzi mbili za DNA ambazo kila mmoja umejikunja na kujishika wenyewe kama pini ya nywele, ukawa na shina na kitanzi. Pini ya kwanza nimeiachia kishikio cha herufi 7 nje ya shina. MikroRNA inashika hapo, kisha inaanza kulifumua shina herufi moja baada ya nyingine na kuchukua nafasi ya upande uliokuwa umelala pale, kama mtu anavyoanza kufumua ukili kwa kushika ncha iliyochomoza. Pini ya kwanza ikishafunguka, sehemu iliyokuwa imefichwa inajitokeza na kuifungua ya pili. Pini mbili zikishashikana sawasawa, mikroRNA inasukumwa nje na kwenda kuanza kazi ileile kwa pini nyingine. Rangi ya FAM iko kwenye ncha moja ya pini ya pili, na kizimio kiko kwenye ncha yake nyingine, kwa hiyo pini ikiwa imefungwa mwanga unamezwa, na ikifunguka rangi na kizimio vinatengana, kijani kikaonekana.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Juzi usiku nilipanga tyubu nane kwenye kishikilio, ya kwanza haina mikroRNA kabisa na zilizofuata zina kiasi kinachozidi hatua kwa hatua, nikazima taa ya chumba, nikawasha taa ya bluu na kuvaa ile miwani ya rangi ya machungwa. Nilitarajia kuona ngazi: giza mwanzoni, kijani kikali mwishoni. Nilichokiona ni tyubu nane za kijani kilekile, kama chupa za kinywaji kimoja zilizotoka kreti moja. Hata ile ya kwanza, ambayo sikuitia shabaha hata tone, ilikuwa inang'aa. Floromita, mashine ya kupima mwanga huo, nayo haikunifariji, kwa sababu tofauti kati ya tyubu ya kwanza na ya nane ilikuwa ndogo kuliko tofauti ninayoipata nikipima tyubu moja mara mbili.

Mazingira ya jaribio ni haya. Ukolezi wa kila pini ni nanomola 100, magnesi ni milimola 10, bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ni ya Tris, joto ni digrii 37, na muda ni saa mbili. Kabla ya kuanza niliipasha DNA hadi digrii 95 kwa dakika 5, kisha nikaiacha ipoe taratibu usiku kucha. Nyuzi niliagiza zile za bei ya kawaida, zisizosafishwa zaidi ya kuondolewa chumvi. Nimerudia mara tatu. Mara ya pili umeme ulikatika katikati, kwa hiyo hiyo siihesabu. Je, niongeze mikroRNA ili ishinde mwanga wa nyuma, au tatizo liko kwingine?

Mwalimu wa Kemia, Bagamoyo

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yananifanya nishuku jambo moja, lakini kabla ya kulitaja naomba nijibu swali lako la mwisho kwa hesabu, maana wengi huanza na fikra hiyo ya kuongeza shabaha na hupoteza miezi.

Una nanomola 100 za pini. Chukulia kwamba asilimia moja tu ya pini hizo, kwa sababu yoyote ile, imefunguka bila kuguswa na mikroRNA. Asilimia moja ya nanomola 100 ni nanomola 1. Sasa kiasi cha mikroRNA unachotamani kukigundua siku moja katika damu ni pikomola 1 au chini yake, na nanomola 1 ni pikomola 1,000. Kwa maneno mengine, pini moja iliyoharibika katika kila mia inatoa mwanga wa molekuli elfu moja kwa kila molekuli moja ya shabaha. Hata mfumo wako ukiitumia kila mikroRNA mara mia, bado kelele imeshinda sauti mara kumi. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuunda kihisi cha namna hii kwa sehemu kubwa ni kazi ya kutengeneza giza. Kijani hupatikana kirahisi mno; giza ndilo linalotafutwa kwa jasho. Hata kiwango cha chini kabisa unachoruhusiwa kudai kuwa umekigundua hupimwa kutoka kwenye tyubu tupu: unachukua wastani wake, unaongeza mchepuko sanifu wake mara tatu, na chochote kilicho chini ya hapo hujakiona.

Sasa ninalolishuku. Umeandika kwamba "niliipasha DNA". Je, pini mbili ulizipasha kila moja kwenye tyubu yake, au ulizichanganya kwanza, kisha ukazipasha pamoja?

Nauliza kwa sababu mfumo huu ni mtego uliotegwa. Pini mbili zilizoshikana zina utulivu mkubwa zaidi kuliko pini mbili zilizojikunja kila moja peke yake. Zenyewe zingependa kushikana tangu awali, na kinachozizuia ni kwamba herufi zinazohitajika zimefungiwa ndani ya shina na kitanzi, kwa hiyo hakuna pa kuanzia. Niles Pierce na wenzake huko California waliijenga mbinu hii juu ya msingi huo: mwaka 2004 walionyesha pini zinazofunguana kwa mnyororo mrefu, na mwaka 2008 wakaonyesha pini zinazoshikana kwa kuchochewa na uzi unaotoka na kurudi kazini, ambao ndio mpango wako. Lakini ukizichanganya pini mbili na kuzipasha hadi digrii 95, umeutegua mtego kwa mkono wako. Mashina yote yanayeyuka, nyuzi zote zinakuwa wazi, na zinapopoa polepole usiku kucha zinachagua hali yenye utulivu zaidi, yaani kushikana zote mbili. Asubuhi unakuta kihisi kimekwisha kazi kabla hujafungua kizibo cha mikroRNA.

Fundi wa Chumbageni, Tanga

Shikamoo Mwalimu. Naona haya kuandika, lakini ndivyo nilivyofanya: nilizichanganya kwanza, nikazipasha pamoja. Nilifuata maelekezo ya kutengeneza maumbo ya DNA yanayosukwa kutoka uzi mmoja mrefu na nyuzi fupi nyingi, ambako kila kitu hutiwa kwenye tyubu moja na kupozwa taratibu, nikadhani ni kanuni ya DNA yote.

Mwalimu wa Kemia, Bagamoyo

Marahaba. Usione haya; kosa hilo lina mantiki yake. Katika yale maumbo ambayo Paul Rothemund aliyachapisha mwaka 2006, uzi mrefu wa DNA ya virusi wenye herufi zaidi ya 7,000 hukunjwa na nyuzi fupi zaidi ya 200, na lengo ni kufika kwenye hali ya utulivu wa mwisho, kwa hiyo kupoza taratibu zote pamoja ni sawa kabisa. Wewe lengo lako ni kinyume: unataka kila uzi unaswe katika hali ambayo si ya mwisho. Pasha kila pini peke yake, kwa ukolezi usio mkubwa, kisha ipoze haraka ili ijishike yenyewe kabla haijakutana na mwenzake. Hata pini za aina moja, zikipozwa polepole zikiwa nyingi, hushikana mbilimbili.

Ukirudia, weka tyubu tatu za ulinganisho na si moja. Ya kwanza iwe na pini ya pili peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo yenye rangi, na mwanga wake utakuambia kama kizimio kinafanya kazi. Ya pili iwe na pini zote mbili bila mikroRNA. Ya tatu iwe na kila kitu na mikroRNA ya kupindukia, ili ujue kijani cha juu kabisa kikoje. Kama ya kwanza ina giza na ya pili inang'aa, pini zinafunguana zenyewe. Kama ya kwanza nayo inang'aa, usiilaumu pini ya kwanza. Nyuzi zako zenye rangi hazijatimia.

Na hilo la mwisho linanirudisha kwenye zile nyuzi za bei ya kawaida. Uzi wa DNA hutengenezwa kwa kuongeza herufi moja moja. Hata kama kila hatua inafaulu kwa asilimia 99, uzi wa herufi 50 una hatua 49, na 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 49 inabaki kama 0.61. Kwa hiyo karibu nyuzi nne katika kila kumi ni pungufu mahali fulani. Pini iliyokatika shina haifungi, na pini iliyokosa kizimio itang'aa mpaka siku ya kiama. Kwa kazi hii nyuzi lazima zisafishwe kwa jeli au kwa kromatografia. Ni gharama, najua, lakini ni afadhali kuagiza pini mbili safi kuliko kumi chafu.

Mzee wa Ngamiani, Tanga

Mdogo wangu, nimesoma kwa makini na nakupongeza kwa bidii, ila naomba niulize swali la mtu aliyeishi miaka mingi na PCR, ile mbinu ya kunakili DNA mara nyingi kwa kimeng'enya. Kwa nini usitumie PCR? Ni kweli kwamba mikroRNA ni fupi kiasi cha kulingana na praima moja (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili), na kwa PCR ya kawaida hakuna pa kuweka praima mbili, lakini suluhisho lilipatikana tangu mwaka 2005: praima yenye kitanzi inashika mwisho wa mikroRNA, inairefusha, na baada ya hapo PCR inaendelea kama kawaida. Inagundua kiasi kidogo mno ambacho pini zako hazitakigusa. Nionavyo mimi, watu wengi hupenda mambo ya nano, yaani kujenga vitu vidogo mno kama hizo pini zako, kwa sababu ya jina.

La pili ni la sampuli, na hapa nasema kwa yale niliyoyaona. Umesema hujagusa damu, lakini utaigusa. Siku hiyo kitu cha kwanza kitakachokuharibia kazi ni seli nyekundu zilizopasuka. Ndani yake zimejaa miR-451 na miR-16, kwa hiyo damu iliyovutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, au iliyokaa kwenye kisanduku juani kutoka zahanati ya kijijini hadi mjini, itakupa plazma ya rangi ya waridi yenye mikroRNA ambazo mgonjwa hakuwa nazo kwenye plazma. Jicho halitoshi, kwa sababu plazma inaweza kuonekana ya manjano safi na bado imechafuka. Pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, ndipo hemoglobini inapojifichua.

La tatu ni tyubu ya damu yenyewe. Ukichukua ile yenye heparini ya kuzuia damu isigande, PCR yako itakwama, ndiyo maana sisi hutumia ya EDTA, ambayo nayo huzuia kuganda. Lakini nawe fikiri: EDTA kazi yake ni kumeza ayoni, na wewe umesema unategemea magnesi milimola 10. Tyubu ya EDTA iliyojazwa vizuri ina takriban milimola 4 hadi 5 za EDTA katika damu, na kwa kuwa haiingii ndani ya seli, katika plazma inakuwa nyingi zaidi, karibu milimola 8. Molekuli moja ya EDTA inakamata ayoni moja ya magnesi. Ukiifanya plazma kuwa nusu ya mchanganyiko wako, utakuwa umepoteza sehemu kubwa ya magnesi bila kujua, na pini zitakuwa na tabia nyingine kabisa.

Mwalimu wa Kemia, Bagamoyo

Mzee wangu, hilo la EDTA ni zito na nakiri sikulifikiria. Fundi, liandike ukutani. Dawa yake ni kuongeza magnesi kufidia iliyomezwa, au kuitoa RNA kwenye plazma kwanza, jambo ambalo pia litaondoa vimeng'enya vinavyoila DNA ya pini na RNA ya shabaha.

Kuhusu PCR, nakubaliana nawe nusu. Kwa kugundua kiasi kidogo kabisa, PCR bado ni bingwa, na anayedai kwamba pini mbili zimeishinda anauza kitu. Lakini PCR inahitaji vimeng'enya viwili vinavyokaa kwenye digrii 20 chini ya sifuri, na mashine ya kupandisha na kushusha joto kwa mizunguko. Pini hukaa kavu kwenye bahasha, hufanya kazi kwenye joto moja, na mashine yake ni taa na kichujio. Kwenye zahanati ambayo friji yake inazima kila wiki, tofauti hiyo si ndogo. Kuna na jambo la kuona mahali: pini zinaweza kuingizwa ndani ya seli na kung'aa pale pale mikroRNA ilipo, wakati PCR inataka kwanza uisage seli. Kwa hiyo ninaposoma "nano" silisomi kama jina la kupendeza. DNA ina upana wa nanomita 2, kila herufi inachukua nanomita 0.34, na mzunguko mmoja wa msokoto ni herufi kama 10.5. Tangu mwanakemia Nadrian Seeman aanze kuchora maungio yake ya DNA mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wanaihesabu DNA kama fundi seremala anavyohesabu mbao, na wanajua kabla ya kuijenga rangi itakaa umbali gani kutoka kwa kizimio. Na umbali huo ndio kila kitu, kwa maana rangi na kizimio vikikaribiana kwa nanomita chache mwanga unamezwa, na ukivitenganisha kwa nanomita 10 au zaidi haumezwi.

Binti Pangani

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia ya molekuli, na yaliyosemwa juu ya giza nayaunga mkono, lakini kuna kosa lingine ambalo tyubu tupu haitalionyesha kamwe, nalo ni kihisi kinachong'aa kwa mikroRNA isiyo yake.

Ndugu Fundi umechagua miR-21, ambayo kwa upande huo haina usumbufu mkubwa. Mimi nilianza na familia ya let-7, kundi la mikroRNA zinazofanana sana, na ndipo nilipojifunza. let-7a na let-7c zina herufi 22 kila moja na zinatofautiana kwa herufi moja tu, ya 19: let-7a ina A, let-7c ina G. Nilitengeneza pini ya let-7a, ambayo mkabala na hiyo A ina T. Nilipoweka let-7c, pini iling'aa karibu vilevile. Nilisumbuka wiki nzima nikidhani nimechafua tyubu, nikatupa bafa zote, nikabadilisha vichwa vya pipeti. Kumbe hesabu ilikuwa wazi mbele ya macho yangu: G ya let-7c inapokutana na T ya pini haikosi kushikana, inashikana kwa ulegevu, na ulegevu huo hautoshi kuizuia. Nilipogeuza nikatengeneza pini ya let-7c, yenye C mahali pale, let-7a ikija na A yake inakuta C, na A na C hazipatani hata kidogo. Hapo utengano ukaonekana. Kwa hiyo kihisi kimoja kinaweza kutofautisha upande mmoja kuliko upande wa pili, na anayepima upande mmoja tu atatangaza ushindi usiokuwepo.

Mahali pa kuweka herufi hiyo napo pana uzito. Kishikio kikiongezwa herufi moja, kasi ya kufungua pini hupanda kwa takriban mara kumi, mpaka kufikia herufi 6 au 7, na baada ya hapo haiongezeki tena. Kwa sababu hiyo, herufi inayotofautisha ikiwekwa ndani ya kishikio, au pale pale ufumuaji unapoanzia, mikroRNA isiyo yake inachelewa sana. Ikiwekwa mwishoni mwa shina, inapita bila kusimamishwa. Naona umetumia kishikio cha herufi 7. Jaribu na cha 5 au 6: utapoteza kasi kidogo, lakini kitakuwa na macho zaidi.

Kwa uvujaji wenyewe, yaani pini kufunguana bila mikroRNA, kuna mambo matatu yaliyonisaidia. Niliziba miisho ya mashina kwa jozi za G na C, kwa kuwa mwisho wa shina wenye A na T hufunguka na kujifunga kama mlango usio na komeo, na pini ya jirani hupenyeza hapo. Nilipunguza ukolezi wa pini, na faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: uvujaji unahitaji pini mbili zikutane, kwa hiyo ukipunguza kila moja kwa nusu, kasi ya uvujaji inashuka hadi robo. Na nilishusha joto kutoka digrii 37 hadi 25, jambo ambalo kwetu pwani linahitaji kifaa cha kupoza, kwa maana Februari hapa meza ya maabara yenyewe ina digrii 32. Angalieni pia kwamba bafa ya Tris hushuka pH kwa kama 0.03 kwa kila digrii ya joto inayopanda, na FAM hufifia pH ikishuka. Bafa iliyopimwa chumbani kwenye kiyoyozi si ileile ndani ya mashine yenye joto.

Niongeze na hili kwa Mzee wa Ngamiani: mikroRNA si habari ya saratani peke yake. Vimelea vya malaria havina mikroRNA zao, kwa hiyo huko hakuna cha kukamata moja kwa moja, ingawa mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba miR-451 ya seli nyekundu zenye chembe za selimundu huingia ndani ya kimelea na kukidumaza, jambo ambalo mimi hulisimulia kila nikipata nafasi. Minyoo ndiyo iliyo nazo. MikroRNA za minyoo ya kichocho zimekutwa katika damu ya watu walioambukizwa, na zipo ambazo binadamu hana kabisa, kama ile iitwayo bantam. Ukanda wetu huu wenye matende na kichocho ungekuwa na faida ya kihisi cha namna hiyo kuliko kihisi cha miR-21, ambayo hupanda katika maradhi mengi mno kiasi kwamba ikipanda hujui umwambie nini mgonjwa. Na ukumbuke kwamba mikroRNA yenyewe iligunduliwa kwa mnyoo: Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024, waliichapisha mwaka 1993 kutoka kwa mnyoo wa udongoni wa urefu wa milimita moja.

Mzee wa Ngamiani, Tanga

Marahaba binti yangu. Hilo la minyoo nimelipokea, na PCR yangu naiweka pembeni kidogo, si mbali. Ila niongeze neno moja juu ya rangi. Plazma yenyewe hung'aa kijani ukiimulika kwa bluu, kwa sababu ya bilirubini na flavini. Mkifika kwenye damu, hiyo FAM itawaletea mwanga wa nyuma ambao hautokani na pini. Tumieni rangi nyekundu kama Cy5, inayomulikwa karibu na nanomita 650. Huko plazma ni tulivu zaidi, na hemoglobini hainyonyi mwanga sana.

Fundi wa Chumbageni, Tanga

Nawashukuru nyote. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilitaka nirudi na matokeo badala ya maneno.

Nilianza na tyubu tatu za Mwalimu kwa nyuzi zilezile za zamani, bila kuagiza kitu kipya, nikizipasha pini kila moja peke yake na kuzitumbukiza mara moja kwenye barafu. Pini ya pili peke yake ilitoa mwanga hafifu, lakini haikuwa giza, na hiyo nadhani ni ile sehemu isiyo na kizimio. Pini mbili pamoja bila mikroRNA zilianza pale pale, kisha zikapanda polepole. Nilikaa mbele ya floromita nikiandika namba kila baada ya dakika kumi, na kwa dakika ishirini za mwanzo mstari ulikuwa karibu kulala. Yenye mikroRNA ya kupindukia ilipaa mara moja. Kwa mara ya kwanza tangu nianze, nilizima taa ya chumba na kuona tyubu tatu za vivuli vitatu tofauti.

Kisha nikapunguza pini hadi nanomola 50 kila moja. Binti Pangani alisema kweli: kupanda kwa tyubu tupu kulipungua zaidi ya nilivyotarajia, ingawa yenye mikroRNA nayo ilichelewa. Ngazi sasa ipo. Tyubu tano za juu zinapangika kwa mfuatano wake, lakini mbili zenye mikroRNA kidogo kabisa bado sizitofautishi na tupu, na kwa ile kanuni ya mara tatu ya mchepuko sanifu sina haki ya kusema nimeziona.

Nimeagiza pini ya pili iliyosafishwa kwa kromatografia, pini hiyo peke yake kwa sasa, kwa sababu fedha ya zote mbili haijapatikana. Kishikio nimekipunguza hadi herufi 6, na miisho ya shina nimeiziba kwa G na C. Mzee, rangi nimeibadilisha kuwa Cy5 katika agizo hilohilo, ila itanibidi niazime kichujio chekundu, kwa maana miwani yangu ya machungwa haitanifaa tena. Kwa upande wa damu, bado sijaomba hata idhini ya maadili. Nitaiomba siku tyubu tupu itakapokaa giza saa mbili kamili.